Kwao Ukwaju ni Wapi?

Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato anataja vitanda vitatu: alichokiumba Mungu, ambacho ndicho kitanda chenyewe, alichokichonga seremala kwa kukiiga hicho, na alichokichora mchoraji kwa kukiiga cha seremala. Mchoraji, kwa hukumu ya Plato, yuko mbali kabisa na ukweli. Hukumu hiyo ikipelekwa jikoni inamwangukia mpishi wa nyumbani wa Karatu anayejaribu kupika pad thai, tambi za kukaanga za Kithai, kama ile ya mgahawani, kwa sababu mgahawa nao umewaiga wapishi wa Thailand. Je, anachopakua ni chakula au ni picha ya chakula? Swali hili lina uzito katika wilaya inayopitiwa na barabara ya kwenda Ngorongoro. Wapo hapa wapishi wa hoteli za watalii wanaojipatia riziki kwa kupika vyakula vya nchi wasizowahi kufika, na mwigaji akiitwa mwongo, jina hilo linawapata na wao.

Naona Plato anashindwa jikoni kwa sababu kitanda cha kwanza hakipo. Itazame hiyo pad thai. Tambi zake za mchele na namna ya kuzikaanga kwenye karai zilitoka kwa Wachina. Chakula chenyewe kilienezwa na serikali ya waziri mkuu wa Thailand, Plaek Phibunsongkhram, miaka ya Vita Kuu ya Pili, kwa nia ya kujenga utaifa. Pilipili kali ni mmea wa Amerika, uliofikishwa Asia na Wareno katika karne ya 16. Lugha ya Kithai inashuhudia: pilipili ni phrik, na pilipili manga, iliyotangulia, sasa huitwa phrik thai, yaani pilipili ya Kithai. Kiswahili kimefanya vivyo hivyo. Ukisema pilipili tu unaletewa ile ngeni ya Amerika, na ile kongwe ndiyo inayolazimika kutambulishwa kwa jina la Manga, Arabuni. Uchachu nao unatoka kwenye ukwaju, mti ambao asili yake ni Afrika. Mpishi wa Karatu anapoloweka ukwaju kwa ajili ya chakula cha Bangkok, ameshika tunda la bara lake.

Atasema mtu: basi sufuria yoyote yenye tambi na pilipili iitwe ya Kithai. Hapana. Chakula hiki kina kanuni inayokishikilia: chumvi, uchachu, utamu na ukali vipatane, kimoja kisimeze kingine. Kanuni hiyo hutimizwa au huvunjwa, na ulimi unajua. Tena kuitimiza kunadai akili kuliko utii. Mji wa Karatu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto 95; kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi, huchemka kabla hata ya hapo. Anayefuata dakika za kitabu kilichoandikwa Bangkok, karibu na usawa wa bahari, atapakua wali wenye kiini kigumu hali amelitii kila neno. Karai nalo ni hivyo hivyo: moto mkali wa gesi wa mgahawani hukausha maji mara yanapotoka kwenye mboga, nguvu ambayo jiko la mkaa halina, kwa hiyo anayejua sababu hukaanga sahani moja moja. Amebadili tendo ili alinde kusudi. Aristotle aliliona hili vizuri kuliko mwalimu wake Plato: binadamu, alisema, hupata maarifa yake ya kwanza kwa kuiga.

Pingamizi zito zaidi ni la uaminifu. Mpishi aliyekosa maji ya dagaa waliovundikwa yanayotiwa kwenye pad thai, akatia chumvi tu, kisha akanyamaza, amempokonya mlaji haki ya kujua. Na kwa mtu anayedhurika na karanga, ukimya kama huo unaweza kuua. Uongo huingia hapo, mdomoni mwa mpishi. Wengine wanahofia kwamba vyakula vya kienyeji kama makande vitasahaulika, lakini mahindi ya makande nayo yalitoka Amerika, na hakuna anayewaita Wairaqw, wenyeji wa Karatu, waigaji kwa kuyala. Basi mpishi huyu na apike, na akiulizwa ni nini, ajibu: ni pad thai ya Karatu, yenye vitunguu vya Mang'ola, na chumvi mahali pa maji ya dagaa.