Mkondo wa bahari na haki ya jirani tusiyemuona

Mzee mmoja wa Mkula, wilayani Busega mkoa wa Simiyu, alipata kuniuliza swali ambalo siku ile sikuweza kulijibu. Tulikuwa barazani kwake tukila ugali kwa sangara. Akanisimulia kuwa utotoni mwake kitoweo cha kila siku kilikuwa furu, vile visamaki vidogo vya Ziwa Victoria vilivyokuwa vikianikwa juani na kuuzwa kwa mafungu. Kisha akasema: "Mwanangu, wewe unaishi Dar es Salaam na unakaa na wasomi. Hebu niambie, wale furu waliokwisha watarudi kutoka wapi?"

Jawabu la mzee yule nimelipata mbali na ziwa lake. Nimelipata baharini. Nalo halikuja peke yake, limekuja na swali jingine zito zaidi: je, mtu ana wajibu gani kwa jirani asiyemuona, asiyemjua jina, na ambaye hatakuja kamwe mlangoni kumdai?

Tuanze na bahari yenyewe. Upo mkondo mkubwa unaotoka mashariki ya Bahari ya Hindi ukielekea Afrika. Ukifika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, mkondo huo hugawanyika. Tawi moja hushuka kusini, na jingine hupanda kaskazini likipita Mtwara, Kilwa, Mafia, Unguja, Pemba na Tanga hadi Kenya. Wakati wa kusi maji haya huenda mbio, mita moja kwa sekunde na zaidi. Piga hesabu: mita moja kwa sekunde ni zaidi ya kilomita 80 kwa siku moja. Wakati wa kaskazi mwendo hupungua, na maji yanayoshuka kutoka Somalia hukutana nayo huko pwani ya Kenya, kisha yote yakageukia bahari kuu.

Sasa, samaki wengi wa miambani, pamoja na matumbawe, pweza na kambakoche, huanza maisha yao wakiwa wadogo kiasi cha kutoonekana vizuri kwa macho, wakielea majini. Wengine huelea siku chache, wengine wiki kadhaa, na kambakoche huelea miezi mingi. Katika muda huo maji huwachukua. Aliyezaliwa kwenye mwamba mmoja anaweza kukulia kwenye mwamba mwingine ulio mbali, pengine katika nchi nyingine kabisa.

Wataalamu wamejuaje haya, na kifaranga hakifungwi kamba mguuni? Wamesoma vinasaba. Jamii mbili za samaki au matumbawe zinazopelekeana watoto hubaki na nasaba zinazofanana. Zilizotengana kwa muda mrefu hutofautiana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 juu ya aina moja ya matumbawe ya Afrika Mashariki uliona kuwa miamba mingi ya pwani yetu ina undugu wa karibu, ingawa undugu huo haulingani kila mahali.

Naam, hapa ndipo suala la samaki linapogeuka kuwa suala la haki. Kwa miongo mingi uvuvi wa baruti uliitesa pwani ya Tanzania, ingawa sheria iliukataza tangu mwaka 1970. Ulipungua sana baada ya msako mkali ulioanza katikati ya miaka ya 2010. Mtu anayelipua mwamba kusini ya Tanga huona samaki walioelea juu, akawazoa na kuondoka. Asichokiona ni kuwa ameua pia wazazi wa samaki ambao wangekuja kuvuliwa Vanga, Wasini au Shimoni, upande wa pili wa mpaka. Kuna mtu huko atatega dema lake na kulitoa tupu, atarudi nyumbani mikono mitupu, na hatajua ni nani aliyemdhulumu. Na aliyemdhulumu naye hatajua kama amedhulumu.

Hivi dhulma ya namna hii ni dhulma? Wapo watakaosema hapana. Watasema dhulma ni kumpokonya mtu kitu chake, na samaki aliye baharini si wa mtu mpaka avuliwe. Na wapo wenye hoja nzito zaidi. Mvuvi maskini atakuambia: "Mimi nina watoto wanaolia njaa leo. Nikiuacha mwamba huu upumzike, vifaranga vitakwenda Kenya. Nifunge mkanda mimi ili anufaike mtu nisiyemjua?"

Hoja hii haifai kubezwa, hasa na sisi wa mjini ambao tunakula samaki bila kulowa. Lakini ina majibu mawili.

Jibu la kwanza ni kwamba si vifaranga vyote vinavyokwenda. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa samaki wa miamba ya Australia ulioonyesha kuwa sehemu kubwa ya watoto wa samaki wanaweza kurejea pale pale walipozaliwa. Kifaranga kikikua kidogo huogelea na hutafuta mahali pa kutua. Kwa hiyo anayeuhifadhi mwamba hajihini kila kitu. Sehemu ya alichokihifadhi hubaki kwake.

Jibu la pili ndilo zito. Huyo mvuvi wa Tanga anayelalamika kuwa watoto wa samaki wake wanakwenda kaskazini, je, wanaoletwa na maji yale yale kutoka kusini amewahi kuwalipia? Maji yanayofika kwake yamepita Mafia, ambako hifadhi ya kwanza ya bahari nchini ilianzishwa mwaka 1995, na kabla ya hapo yamepita Kilwa na Mtwara. Huko nako kuna watu waliojizuia. Kama wajibu wetu ni kwa wale tunaowaona tu, basi watu wa kusini nao wana haki ya kulipua kila kitu, na sisi tusiwe na la kusema.

Deni hili ni la ajabu, kwa sababu huwezi kumlipa aliyekukopesha. Mkondo haurudi nyuma. Unaweza kulilipa kwa njia moja tu, nayo ni kumpa anayekufuata. Ni kama mwembe wa babu. Aliyeupanda amekwisha kufa, huwezi kumpelekea embe. Unachoweza ni kupanda wa kwako ili ale mjukuu ambaye hujamwona.

Lakini tusijidanganye kwamba kwa kuwa mkondo upo, basi kila kilichoharibiwa kitaletwa na maji. Wataalamu wanatuonya kuwa wageni wachache tu katika kila kizazi wanatosha kuzifanya nasaba zifanane, ila wachache hao hawatoshi kuujaza mwamba uliomalizwa. Undugu wa damu ni jambo moja, kulishana ni jingine. Sisi binadamu tunalijua hilo vizuri. Ndugu anaweza kuwa na damu yako na bado asikufikie siku ya njaa.

Tena wapo viumbe ambao mkondo hauwabebei watoto. Pale Tanga yupo silikanti, samaki ambaye dunia ilidhani ametoweka tangu mamilioni ya miaka, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia miaka ya 2003 na 2004 alianza kunaswa katika nyavu za jarife za wavuvi wetu. Silikanti hamwagi mayai yakaelea, huzaa watoto walio hai. Wengi walidhani wale wa pwani yetu ni wageni waliopotea kutoka Komoro. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ukaonyesha kuwa wale wa Tanga ni jamii ya peke yake, iliyotengana na wenzao kwa miaka isiyopungua 200,000. Maana yake ni kuwa wakiisha wa Tanga, Komoro haitatuletea wengine. Hifadhi ya bahari ilianzishwa huko Tanga mwaka 2009 kwa ajili yao.

Na hapa ndipo narudi barazani Mkula. Furu naye ni kama silikanti. Jike wa aina nyingi za furu hubeba mayai na watoto wake kinywani mpaka wajiweze, akawaachia karibu na pale pale alipo. Ndiyo maana wataalamu waliochunguza furu wa mawe katika Ghuba ya Mwanza walikuta visiwa vilivyo jirani vikiwa na furu wanaotofautiana. Sangara alipopandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, kisha akastawi katika miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilitoweka. Sangara hakuwa sababu pekee, maana maji yaliyochafuka na uvuvi uliokithiri navyo vilichangia. Baadhi ya furu wameonekana tena tangu miaka ya 1990, lakini nyingi ya aina zile hazijaonekana hadi leo.

Jawabu langu kwa mzee, basi, ni hili: Mzee wangu, waliobaki huenda wakaongezeka, ila waliokwisha kabisa hawatarudi kutoka popote. Hakuna ziwa jingine wanakotoka, wala mkondo wa kuwaleta.

Waliompandikiza sangara hawakuwa na nia mbaya. Walitaka samaki wakubwa na biashara, na vyote viwili walivipata. Lakini hawakumuuliza mtoto wa Mkula aliyekuwa akila furu, kwa sababu hawakumuona. Alikuwa mbali na meza zao, kama mvuvi wa Shimoni alivyo mbali na anayetega baruti.

Waswahili wamesema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Miamba yetu na mikoko yetu ndiyo wakunga wa bahari hii, na uzazi bado ungalipo. Kila mmoja wetu yuko juu ya mtu fulani na chini ya mtu mwingine katika mkondo huu. Tunaonunua samaki Feri au Darajani bila kuuliza amevuliwaje, na sisi tumo. Viumbe hivi ni amana, na kujua kuwa hakuna atakayekuja kukudai hakukufutii deni. Tutafakari.