Kipimo ni Shahidi, Si Hakimu

Katika somo la usuli tunafundishwa kwamba ujuzi wa mtu juu ya jambo una ngazi zake. Kuna yakini. Chini yake kuna dhana yenye nguvu, kisha shaka, ambapo pande mbili zimelingana, na mwisho wahamu, yaani dhana dhaifu isiyofaa kujengewa hukumu. Wengi wetu huzikariri ngazi hizi kwa ajili ya mtihani. Leo nataka tuzitumie katika swali linalowakuta wazazi wengi ghafla: mzazi anadaiwa nini na mtoto wake pale kipimo cha maabara kisipoweza kumpa yakini?

Nimechagua mfano wa ugonjwa wa Lyme. Hapa kwetu Uganda hatuusikii sana, lakini ndugu zetu wanaoishi kaskazini mashariki mwa Marekani wanaujua vizuri. Unaletwa na bakteria aitwaye Borrelia burgdorferi, naye huingia mwilini kwa kuumwa na kupe ambaye akiwa mchanga hafiki hata ukubwa wa punje ya ufuta. Watoto wanaocheza kwenye majani na kando ya misitu ni miongoni mwa wanaoupata zaidi. Shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, CDC, limekadiria kwamba watu wapatao 476,000 nchini humo hutambuliwa kuwa na ugonjwa huo na kutibiwa kila mwaka.

Mama yangu mdogo anaishi Pennsylvania, jimbo mojawapo lenye wagonjwa wengi. Mwaka juzi, wakati wa joto, mwanawe wa miaka 7 alishikwa na homa, kichwa kikamuuma, akawa mchovu. Siku chache kabla ya hapo mama mdogo alikuwa amemtoa kupe nyuma ya goti. Alimkagua mwili mzima asione doa lolote. Daktari akampima damu, majibu yakatoka hasi. Kisha daktari huyohuyo akamwambia kwamba majibu hayo hayaondoi uwezekano wa ugonjwa, na kwamba amrudishe mtoto baada ya wiki tatu. Alinipigia simu amekasirika. "Mwanangu, hiki ni kipimo gani? Kikisema hana, bado huenda anao!" Kilichomkera zaidi ni kwamba mtoto wa jirani, aliyekuwa na doa jekundu la mviringo linalozidi kupanuka, alipewa dawa siku hiyohiyo bila kupimwa damu kabisa.

Nilipouliza na kusoma niliona kwamba daktari hakuwa akicheza. Bakteria wa Lyme ana ndugu yake huku kwetu, yule anayeleta homa ya papasi, ugonjwa uliojulikana tangu zamani Kongo na Tanzania. Huyo wa papasi, mgonjwa anapokuwa na homa, huwa wengi damuni hata huweza kuonekana kwa hadubini. Wa Lyme huwa wachache mno katika damu, kwa hiyo maabara haimtafuti yeye. Inatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza ili kupambana naye. Mwili huchukua wiki kadhaa kutengeneza askari wa kutosha. Mtoto aliyeumwa wiki iliyopita anaweza kuwa mgonjwa na kipimo kisione kitu. Na askari hao hubaki damuni kwa miezi, pengine miaka, baada ya vita kwisha. Mtoto aliyetibiwa akapona anaweza kutoa majibu chanya leo hali anaumwa mafua tu. Ama lile doa la mviringo, hutokea mapema, mara nyingi kabla ya kingamwili kutosha. Ndiyo maana kwa mtu aliyekuwa mahali penye kupe hao, doa lina nguvu kuliko damu, na daktari hangoji maabara.

Tangu mwaka 1995 ushauri nchini Marekani ni kupima kwa hatua mbili: kipimo cha kwanza kikitoka chanya au chenye utata, hufuatwa na cha pili cha kuthibitisha. Hata hivyo hesabu ina ukaidi wake. Tuseme kwa mfano tu kwamba tumepima watoto 1,000, na walio wagonjwa kweli ni 10. Tuseme kipimo kinawakamata wote 10, lakini kinakosea kwa wazima 5 katika kila 100. Wazima wapatao 50 wataambiwa ni wagonjwa. Katika majibu chanya 60, ya kweli ni 10 peke yake. Kwa hiyo swali la kwanza la daktari mzuri huwa hili: mtoto huyu alikuwa wapi, na ana dalili gani? Kumpima mtoto asiye na dalili, anayeishi mahali pasipo na kupe hao, ni kualika majibu ya uongo.

Tusidhani haya ni ya Marekani tu. Ni nani kati yetu hajawahi kutoka kliniki na karatasi iliyoandikwa "malaria na taifodi"? Kipimo cha Widal, kinachotumika sana huku kwa taifodi, nacho hutafuta kingamwili, nazo zinaweza kutokana na maradhi ya zamani, chanjo, au bakteria wengine. Hata vipimo vingi vya haraka vya malaria hutafuta protini ya kimelea ambayo huweza kubaki damuni wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Mzazi wa Mbale na mzazi wa Pennsylvania wameshika karatasi za namna moja.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mimi naona kosa kubwa tunalofanya ni kukiweka kipimo kwenye kiti cha hakimu wakati kazi yake ni ya shahidi. Katika fiqhi shahidi hutoa ushahidi wa alichokiona au alichokisikia. Akivuka hapo, maneno yake hayachukuliwi. Kipimo cha Lyme kimeona kingamwili au hakikuziona, basi. Hakikuona ugonjwa. Mama naye ni shahidi. Ameona homa, ameona kupe, ameona mtoto wake aliyekuwa akikimbia sasa amelala mchana. Huo ni ushahidi mzito, lakini hakuona sababu ya homa. Kila shahidi asikilizwe mpaka pale macho yake yalipofika.

Ushahidi wa mama umewahi kudharauliwa, na watu wakaumia. Jina la ugonjwa huu limetokana na mji wa Lyme, Connecticut. Mwaka 1975 Polly Murray, mama wa mji huo, aliwaeleza maofisa wa afya kwamba watoto wengi mno wa eneo lake wamevimba viungo. Yeye mwenyewe alikuwa ameumwa kwa miaka na kuambiwa kwamba ni mambo ya akili. Mama mwingine naye alitoa taarifa kama hiyo. Daktari Allen Steere wa Yale alipochunguza alipata wagonjwa 51 katika miji mitatu jirani, 39 kati yao watoto. Bakteria mwenyewe aligunduliwa ndani ya kupe na Willy Burgdorfer miaka michache baadaye, na habari ikachapishwa mwaka 1982. Mama Murray hakujua sababu na hakudai kuijua. Alieleza alichokiona, akakiandika, akashikilia asikilizwe.

Lakini kuna mlango wa pili wa madhara. Mzazi aliyekata tamaa na majibu ya "hatujui" huwa windo rahisi la mwenye kuuza yakini. Wapo wanaotoa vipimo visivyothibitishwa, na wapo wanaoweka wagonjwa kwenye antibiotiki za mshipani kwa miezi mingi. Mwaka 2017 CDC ilitoa taarifa ya wagonjwa watano waliopata maambukizi mabaya ya bakteria kutokana na matibabu ya namna hiyo, na miongoni mwao kuna waliofariki. Fiqhi inamtia dhamana anayetibu bila kujulikana kwa elimu ya tiba, akiharibu analipa. Naona hekima yake hapa: kuuza yakini usiyokuwa nayo ni kudhulumu, hata kama mnunuzi ameridhika, na hasa pale atakayeingizwa sindano ni mtoto ambaye hakuulizwa.

Msomaji atasema: kwa nini asipewe dawa tu kwa tahadhari? Jibu langu ni kutazama ngazi tuliyosimama. Doa likionekana, au kupe akitambuliwa kuwa wa aina hiyo, amenyonya muda mrefu, na mahali pana ugonjwa mwingi, hiyo ni dhana yenye nguvu, na madaktari hutoa dawa bila kungoja. Lakini kumpa mtoto dawa wiki baada ya wiki kwa sababu mzazi hapati usingizi ni kuhukumu kwa wahamu. Hapo mzazi anatakiwa ajiulize kwa ukweli: ninamtibu mwanangu, au ninatibu hofu yangu kwa kutumia mwili wake? Mtoto ni amana, na mwili wa amana hautumiki kumtuliza mwenye kuitunza.

Mama mdogo alimrudisha mwanawe baada ya wiki tatu. Homa ilikuwa imekwisha yenyewe ndani ya wiki ya kwanza, na kipimo cha pili kilitoka hasi. Hadi leo hakuna ajuaye ilikuwa homa gani. Kwa muda mrefu jambo hilo lilimsumbua, kana kwamba mama mwema angejua.

Nilimjibu kwa mas-ala ya kibla. Msafiri yuko gizani, hajui kibla kiko wapi, na hana wa kumuuliza. Anatazama dalili alizonazo, anajitahidi, anaelekea, anaswali. Ikibainika kwamba alikosea, wanazuoni wametofautiana kama airudie swala ile, lakini aliyejitahidi kwa kweli hahesabiwi mkosaji. Tazama namna walivyotenganisha mambo mawili. Kurudia ni jambo moja, na dhambi ni jambo jingine. Mtu anaweza kuambiwa arudie bila kulaumiwa. Kadhalika mzazi anayeambiwa arudi baada ya wiki tatu hajashindwa. Amepewa nafasi ya kutazama tena mwanga ukiwa umeongezeka.

Basi deni la mzazi ni juhudi: kumkagua mtoto anapotoka kucheza, kuandika tarehe na dalili, kumuuliza daktari kipimo hiki kinaona nini na hakioni nini, kurudi kwa wakati, na kurudi upesi zaidi hali ikibadilika, kama uso ukipooza upande mmoja au goti likivimba. Deni la daktari ni kusema "sijui bado" bila kumdharau anayeuliza. Yakini haimo katika deni la yeyote kati yao, kwa kuwa hakuna anayedaiwa asichoweza kukimiliki. Wengi wetu tutakuwa wazazi si muda mrefu ujao, na siku moja karatasi ya maabara itakuwa mikononi mwetu. Tuisome kama ushahidi.

Wallahu aalam.