TAWAKALI NA KIVUKO KILICHOJAA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyevitiisha vyombo vya majini kwa manufaa ya waja Wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu zetu wa Kinoo, nyakati za likizo wengi wetu hupakia watu wetu garini tukateremka Mombasa, na hapo Likoni tukavuka kwa kivuko kwenda pwani ya kusini. Wengine hushika njia ya Ziwa Viktoria, wakapita Sirari na Bunda mpaka Kisorya, wakavukia kisiwa cha Ukerewe, na huko Bugolora wakapanda kivuko kingine kichukuacho watu na magari hadi kisiwa cha Ukara. Safari ni neema. Lakini imezoeleka desturi moja mbaya: chombo hujaa mpaka pasiwe na pa kuweka mguu, kisha mtu akapanda akisema, "Nimetawakali, lililoandikwa halifutiki."

Tazameni yaliyotokea. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere, kikitoka Bugolora, kilipinduka karibu na gati ya Bwisya, Ukara. Kiliundwa kichukue abiria 101; waliokufa peke yao walizidi 220. Na kabla ya hapo, tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilizama, wakafa watu 272, na ng'ambo yaonekana kwa macho.

Je, hii si kadari? Naam, hapana litokalo nje ya kudra ya Mungu. Lakini kadari si udhuru wa kuacha wajibu. Mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya ngamia wake aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Basi ahesabuye abiria kwa haki amefunga ngamia wake. Na amkatiaye tikiti mtu wa 102 amemfungua wake na wa wenziwe. Wala hirizi iliyotundikwa kiooni haiongezi hata shubiri moja ya nafasi chomboni.

Imamu Bukhari amepokea kwa Nu'man bin Bashir mfano wa watu waliogawana jahazi kwa kura, hawa juu na hawa chini. Wa chini, kwa kuona taabu kupanda kuchota maji, walitaka kutoboa tundu upande wao. Mtume akabainisha kuwa wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiliwa wataokoka wote. Wale hawakukusudia shari. Walitaka wepesi tu. Ndivyo alivyo msafiri mwenye haraka, na ndivyo alivyo mwenye tamaa ya nauli. Na sisi tunaonyamaza ndio watu wa juu.

Basi ukiona chombo kimejaa, waambie wahusika kwa upole. Wasiposikia, shuka na watu wako mngoje kingine. Wala usimpe mtu chochote ili gari lako litangulizwe, kwani hiyo ni rushwa. Sharia imempunguzia msafiri Sala ya rakaa nne ikawa mbili, na Saumu ikamruhusu kuiakhirisha. Mola aliyekurahisishia ibada Yake hakukulazimisha kufika leo.

Kisha mkipanda, someni dua ya safari, na chombo kiwe kimepakiwa kwa haki.

Wabillahi taufiki.