Heshima ya Mwalimu Hutoka Wapi?

Jioni moja, baada ya Sala ya Alasiri, nilikuwa nimeketi na ndugu mmoja katika pwani ya Mbegani, karibu na mahali zinapovutwa ngalawa. Ndugu huyo ni mvuvi, naye aliingia katika Uislamu akiwa mtu mzima. Nilimwomba awe anawasomesha watoto wa jirani zake herufi za Kiarabu na namna ya kusali, kwani mambo hayo yeye mwenyewe alikwisha kujifunza vizuri. Akainamisha kichwa, akasema: "Maalim, mimi ni mtu wa kuja juzi. Baba yangu hakusali, wala babu yangu hakusali. Watoto wa watu waliozaliwa katika dini nitawafundishaje mimi?"

Sikumjibu upesi, maana neno lile nililijua. Nilipokuwa kijana katika chuo cha dini ng'ambo, wako wenzangu waliokuwa wakihesabu wanazuoni katika ukoo wao mpaka babu wa saba, nami nilikuwa nikinyamaza kwa haya. Basi swali la mvuvi yule si lake peke yake. Ni swali la kila mwongofu, na pengine ni lako wewe unayesoma maneno haya: Je, heshima ya mtu kuwa mwalimu wa wengine hutoka katika nasaba yake, au hutoka katika elimu na utumishi wake?

Nilimjibu kwa kumkumbusha habari za mtu wa mji wa Bagamoyo, ambao haupo mbali na pale tulipokaa.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zililetwa pale, na wanadamu pia waliletwa. Miongoni mwa walioletwa alikuwamo mtoto mmoja kutoka nchi ya Manyema, mashariki ya Kongo. Alikuwa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki, Mwarabu tajiri wa mji huo. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kujulikana kwa jina la Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu wengi walimwita Sheikh Ramiya.

Tazama jina hilo, ndugu msomaji. Huku pwani watumwa wengi waliosilimu waliitwa "bin Abdallah", kwa sababu baba zao hawakujulikana, au hawakuhesabiwa kuwa ni kitu. Hata leo waongofu wengi hupewa jina hilo. Waliolitoa pengine walidhani kwamba wanaficha aibu, kumbe walisema kweli kuu kuliko walivyokusudia. Abdallah maana yake ni mtumishi wa Mwenyezi Mungu. Ni nani basi miongoni mwa wanadamu ambaye baba yake hakuumbwa kuwa mtumishi wa Mwenyezi Mungu?

Ramiya alifanya biashara ndogo ya kuuza samaki, kisha akapata mali na mashamba. Lakini mali haikumtosha. Alikaa chini mbele ya walimu, akasoma Kurani Tukufu na elimu za dini, na baada ya kusoma akafungua madrasa. Akawa sheikh mkubwa wa tarika ya Kadiria, na wafuasi wake wakaenea kutoka Bagamoyo mpaka bara, katika nchi zile zile ambako misafara ilikuwa ikitoka. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Muhammad akashika nafasi yake. Utumwa wenyewe ulikuwa umefutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, yaani miaka 9 tu kabla ya kifo chake. Mtu huyu, basi, alikwisha kuwa mwalimu wa watu huru katika nchi ambayo sheria yake ilikuwa bado inakubali kwamba mtu aweza kumilikiwa.

Huenda msomaji mmoja akasema: "Kama asingaliletwa pwani utumwani, asingaliipata dini. Je, utumwa haukuwa heri kwake?" Nimelisikia neno hili mara nyingi, na ni neno la hatari. Yusufu (a.s.) aliuzwa na ndugu zake, na mwisho wake akawa mwenye mamlaka katika Misri. Je, Mwenyezi Mungu aliwasifu ndugu zake kwa kumtumbukiza kisimani? Hasha! Wao wenyewe walikiri kuwa walikosa, wakaomba msamaha. Mwenyezi Mungu huweza kutoa heri katika dhuluma ya watu, lakini heri hiyo ni sifa yake Yeye, wala si udhuru wa mwenye kudhulumu. Tena, kwa ajili ya Ramiya mmoja tunayemtaja, ni wangapi waliokufa njiani na hawana wa kuwataja? Anayemheshimu mwalimu huyu hana budi kuichukia ile njia aliyoletewa.

Kadhalika mwingine atasema kwamba Ramiya alikuwa mtu wa pekee, na sisi watu wa kawaida hatuwezi kujipima naye. Lakini katika Uislamu jambo hili si geni. Kabla ya Mtume Muhammad (s.a.w.) kuhamia Madina, Waislamu waliotangulia kufika Kuba walisalishwa na Salim, aliyekuwa mtumwa aliyeachwa huru. Nyuma yake walisimama watu wa koo tukufu za Makka. Walimtanguliza kwa sababu alikuwa amehifadhi Kurani kuliko wao. Naye Bilali, aliyeteswa juu ya mchanga wa moto, ndiye aliyechaguliwa kuwaita watu kwenye sala. Na Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat, inatufundisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na kwamba mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni yule amchaye zaidi. Nasaba basi ni njia ya kutambuana. Haikuwekwa kuwa mizani ya kupimia watu.

Karibu na Mbegani yako magofu ya Kaole. Pale pana misikiti ya kale na makaburi ya watu waliokuwa wakubwa zama zao. Mawe yao yamebaki, lakini ni nani leo awezaye kukueleza walimfundisha nani? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika, isipokuwa sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Hakuna katika hayo matatu linalohitaji babu mwenye jina. Aliyefundisha mtoto mmoja kusoma, naye akamfundisha mwingine, ameacha jengo lisiloanguka kwa mvua.

Mvuvi yule alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Na nikikosea, Maalim?" Nikamwambia: "Ukikosea utasahihishwa, kama sisi sote tunavyosahihishwa. Lakini ukinyamaza, yule mtoto atakua bila kujua, na kosa hilo hutapata wa kukusahihisha." Akasema ataanza na watoto wawili wa jirani yake, siku ambazo bahari haiendeki.

Ndugu msomaji, wewe nawe uliyeingia juzi, au unayechungulia mlangoni ukisita, usiulize baba yako alikuwa nani. Jiulize: kile kidogo nilichokwisha kukijua, ni nani jirani yangu ambaye bado hajakipata?

Mwenyezi Mungu atujalie elimu yenye manufaa, na atupe ujasiri wa kuitoa. Amin.