KUULIZA HISABU YA SADAKA: JE, NI DHANA MBAYA?

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Suali: Watu wametoa mali kwa ajili ya waliofikwa na msiba. Je, yafaa kuwauliza wakusanyaji imetumikaje, au kuuliza ni kumdhania ndugu yako ubaya?

Jua, ewe ndugu, suali hili si la kubuni. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipiga Kagera, nchi ambayo misafara ya pwani, ikiisha kupumzika hapa kwetu Tabora, iliiendea kwa njia ya Karagwe. Walikufa watu 17, na nyumba nyingi zikabomoka. Michango ikaja kutoka ndani ya nchi na nje. Kabla mwezi ule haujaisha, serikali ikatangaza kuwa imefunguliwa akaunti ya pili benki, kwa jina lile lile la akaunti ya maafa, na baadhi ya wakubwa wakaondolewa kazini. Kisha Januari 2017 marehemu Rais John Magufuli alisema huko Bukoba kuwa serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake, bali itatengeneza skuli na majengo ya umma. Watu wakanung'unika.

Hatumhukumu mtu hapa. Hiyo ni kazi ya kadhi na mashahidi. Twaeleza hukumu ya jambo.

Jawabu: Mkusanyaji ni wakili wa mtoaji, na wakili, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, hana ruhusa kupita mpaka aliowekewa. Ukimpa mtu shilingi amnunulie mjane bati, naye akazitia katika ukuta wa skuli, skuli ni kheri, walakini mali si yake hata aigeuze; hana budi kukutaka idhini kwanza. Tena mkono wake ni mkono wa amana: mali ikipotea pasi na uzembe wake, halipi. Huo ni wepesi wa sheria kwake, wala haukumwondolea hisabu.

Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka za Bani Sulaym, na aliporudi alimhisabu, alipotenga fungu akadai ni zawadi yake, alimkemea. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa sahaba alihisabiwa, nani leo ataona hisabu ni tusi?

Huenda mtu akasema: Sadaka ya siri ni bora, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 271. Ni kweli. Walakini siri ile ni ya mkono unaotoa na ya uso wa anayepokea. Mkono wa katikati hauna siri.

Wafanyabiashara wa Unguja hawakutoa nguo na shanga kwenda bara ila kwa hati. Ikiwa watu waliandikiana kwa pembe, na, Mungu atusamehe, hata kwa watumwa, je, mali ya yatima aliyeangukiwa na nyumba iende pasi na maandishi?

Basi, ndugu zangu, mkichanga, yaandikwe yaliyoingia na yaliyotoka, yashikwe na watu wawili waaminifu, kisha yasomwe mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa, pasi na kutaja jina la maskini. Hivyo mwizi atakosa mahali pa kujificha, na mwaminifu atasalimika na ndimi za watu. Na asiyetaka kuhisabiwa leo mbele ya jamaa zake, akumbuke kuwa iko siku atahisabiwa pasi na daftari kupotea.

Wallahu aalam.