Amana ya Roho Juu ya Mlima wa Theluji

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baad.

Hutokea kijana wa Pemba, kisiwa cha vilima vifupi na mikarafuu, akatamani kuvuka bahari hatta Tanga, kisha ashike njia ya Moshi akapande Kilimanjaro. Watu hugawanyika: hawa husema ni kheri, na wale husema ni kujitia katika maangamizo. Suala hili lastahili jawabu la ilimu, si la ghadhabu.

Kwanza ijulikane hali ya mlima. Kilimanjaro ni milima mitatu ya moto iliyoungana, Shira, Mawenzi na Kibo. Na kilele cha Kibo kimefika mita 5,895 juu ya bahari. Moto wa Kibo umelala, haukufa: katika shimo lake hutoka mvuke wenye harufu ya kibiriti, na karibu yake pana barafu. Moto na baridi vimekuwa majirani kwa amri ya Mola mmoja. Mtoto wa chuoni husoma katika Matni ya Abu Shujaa kwamba maji ya kutwaharishia ni saba, na moja ni maji ya theluji. Husoma hayo, na theluji hajapata kuiona. Na Mdachi Rebmann alipotoa khabari kuwa ameiona Kilimanjaro mwaka 1848, wako wataalamu wa Ulaya waliomkadhibisha. Basi kutaka kuona kwa jicho si upuuzi. Qur'ani imewaita watu watembee katika ardhi wapate kuzingatia.

Mtu akisema: "Mbona roho itiwe khatarini kwa kutazama tu?", hujibiwa kwamba si kila khatari ni haramu. Mchumaji karafuu hupanda mti ambao matawi yake huvunjika upesi, wala haambiwi asichume. Walakini yeye hutafuta rizki ya wanawe, na tawi bovu hulikwepa. Mpanda mlima hana haja kama hiyo. Kwa hivyo hadhari yake yapasa izidi ya mchumaji, isipungue.

Na adui mkubwa wa mlima huo si moto, ni uchache wa hewa. Kileleni hewa ni kama nusu ya ile ya pwani. Mwenye kupanda kwa haraka huumwa kichwa na kutapika, na ikizidi, maji hujaa katika mapafu au ubongo huvimba, akafa. Dawa yake kubwa ni kushuka. Hapa ndipo penye mtihani: kilele chaonekana, mali imekwisha tumika, wenziwe wanaendelea, na mwili umetoa onyo. Anayeendelea kwa kuogopa kuchekwa ameziweka sifa za watu mbele ya amana ya Mwenyezi Mungu. Akipanda naye ajua kwamba ataangamia, safari yake ni maasia. Na kwa madhehebu ya Imamu Shafii, msafiri wa maasia hana rukhsa ya kufupisha sala.

Tena hapandi peke yake. Hans Meyer na Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889, jasho la wapagazi lilikuwa limewatangulia njiani. Na hatta leo wapagazi ndio wabebao hema na chakula. Mtu akidai kwamba roho yake ni yake, atasemaje juu ya roho ya mpagazi? Kumpeleka kwenye baridi hana nguo za kumsitiri, au kumpunja ujira wake, ni dhulma, na dhulma haifutwi na uzuri wa nchi iliyotazamwa.

Basi kupanda ni mubaha kwa mwenye afya, aliyejiandaa, asiyepoteza sala wala haki za wanaomtegemea, na aliyeazimia kurejea atakapoonywa. Aliyerudi njiani kwa kuihifadhi roho hakushindwa; na aliyefika juu kwa kumtupa mwenziwe amepata jiwe, amekosa thawabu.

Wallahu aalam.