Hisia za Mbele za Watu

Kabla ya kupeleka dodoso la utafiti wangu wa shahada ya uzamili kwa wazazi wengine, nililijaribu kwa mama. Linahusu akili hisia ya wazazi wanaolea watoto wenye ulemavu wa ukuaji, na mama ni mmoja wao. Mdogo wangu ana usonji. Ana miaka kumi na minne na hajawahi kutamka sentensi nzima.

Nilimsomea: "Ninaweza kudhibiti hisia zangu ninapokasirika." Nikamwomba achague namba, moja hadi tano. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Hisia zipi, mwanangu? Za mbele za watu au za usiku?"

Dodoso langu halikuwa na nafasi ya jibu hilo.

Za mbele za watu nazijua. Siku moja tulikuwa kwenye daladala ya Mbagala, honi ikalia karibu na dirisha letu. Mdogo wangu aliziba masikio, akapiga mayowe, akaanza kujigonga kichwa kwenye kioo. Mama aliweka kiganja chake kati ya kichwa na kioo, akamwimbia kwa sauti ya chini wimbo usio na maneno. Abiria mmoja akasema mtoto huyu amedekezwa, dawa yake fimbo. Mama hakugeuka. Tuliposhuka, mwanamke mmoja alimshika bega: "Mungu amekujalia subira, mama." Mama akashukuru.

Usiku ule nilimkuta uani, amekalia ndoo iliyogeuzwa, analia kimyakimya. "Nimechoka naye," alisema. Kisha, kabla sijajibu: "Usimwambie mtu."

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kwa muda mrefu niliyaona maneno yale kama ufa katika upendo wake.

Peter Salovey na John Mayer, walipoandika kuhusu akili hisia mwaka 1990, hawakuanza na kudhibiti. Walianza na kuzitambua hisia na kuzieleza, zako na za wengine. Kwa maana hiyo mama alikuwa na akili hiyo mara mbili siku ile. Kwenye daladala aliona hofu pale ambapo abiria waliona utovu wa adabu. Uani aliuita uchovu wake kwa jina lake.

Lakini je, mzazi ana haki ya kusema amemchoka mwanawe? Mdogo wangu hasemi, ila anasikia. Naamini ana haki ya kutosikia akiitwa mzigo nyumbani kwao. Mama naye ana haki ya kutojifanya jiwe. Nimezipima haki hizi mbili miezi kadhaa, na naona hazigombani, mradi tu pawepo mtu wa tatu wa kuyapokea maneno hayo mahali ambapo mtoto hayasikii. Bila mtu huyo, kinachoitwa kudhibiti hisia ni kuzimeza tu.

Ndiyo maana sasa kinachoniuma si "nimechoka naye." Ni "usimwambie mtu." Aibu ile tulimfundisha sisi, kwa kumsifu. Sifa ya subira haimgharimu anayeitoa. Yule mwanamke alimsifu mama na kuondoka, na mama alibaki na mtoto mkononi na kapu kichwani. Mimi nami niliitunza siri yake kwa uaminifu, nikadhani nimemsaidia. Sikumuuliza tena hata mara moja kama amechoka.

Nimeongeza sentensi moja kwenye dodoso: "Nina mtu ninayeweza kumwambia kwamba nimechoka, na akabaki kunisaidia."

Nilimsomea mama. Alikaa kimya, vidole vimetulia kwenye ungo.

"Weka mbili," alisema. "Jumamosi utakuja?"

Nikasema nitakuja.

"Basi ukija, niulize tena."